Boma la chui kwenye Planet Zoo: anza na mahali atakapolala, uzio uje mwisho

#1 Mjenzi wa Mawe

Wakuu, habari za muda huu.

Nimepitia picha nyingi za maboma ya chui kwenye Planet Zoo, lile gemu la kompyuta la kujenga bustani ya wanyama, ambazo watu huziweka wakiomba ushauri, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Eneo ni bapa, la mstatili. Miti minne au mitano imetawanywa sawasawa kama shamba la michungwa. Pango limebanwa kwenye ukuta wa nyuma, na mbele yote ni kioo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vipimo vya ustawi ni kijani vyote. Halafu mwenye boma anauliza: mbona chui wangu haonekani kama chui?

Planet Zoo, tangu ilipotoka Novemba 2019, hupima vile inavyoweza kuvihesabu: ukubwa wa eneo, joto, aina ya ardhi, wingi wa mimea, maji, kibanda cha kujikinga, vichangamsho (vitu vya kumshughulisha mnyama). Kipo kimoja ambacho haikihesabu vizuri, nacho ndicho chui anakihitaji kuliko vingine vyote: kuona bila kuonekana. Hapo gemu linatuachia kazi sisi wenyewe, na ndipo ninapotaka tuzungumze.

Nianze na kosa langu. Chui wa kwanza niliyemjengea kwa makini alikuwa chui wa theluji, yule anayekuja na gemu lenyewe. Nilisoma Zoopedia, yale maelezo ya wanyama yaliyo ndani ya gemu, mstari kwa mstari: kiwango cha uimara wa uzio, urefu wake, na kwamba mnyama huyu ni mpandaji, kwa hiyo uzio uwe wa kuzuia kupanda. Nikafuata vyote. Kisha nikaona uzio unaharibu mandhari, nikarundika udongo kwa ndani, hatua mbili tu kutoka ukingoni, ili paonekane kama ubavu wa mlima. Sikufikiria kwamba uzio wa mita nne ukiwa pembeni ya kilima cha mita tatu, kwa anayesimama kileleni umebaki mita moja. Chui alitoka saa ya wageni wengi. Nilimwona akishuka kwenye njia kuu taratibu kabisa, mkia umenyooka nyuma yake, na watu wakitawanyika kama maji yaliyomwagika.

Tangu siku ile sifungui boma kabla sijaangalia ramani ya rangi inayoonesha sehemu mnyama anazoweza kufika. Rangi ikivuka uzio hata kwa upana wa kidole kwenye skrini, njia ipo, na ataipata. Wala gemu halitii chumvi: chui wa kweli huruka mbele zaidi ya mita 6 na juu mita 3, tena hupanda mtini na mzoga mdomoni ulio mzito kuliko mwili wake.

Sasa njia yangu. Uzio nauacha kabisa mwanzoni. Nasimama kwenye ardhi tupu, nashusha kamera hadi usawa wa macho ya mnyama, natafuta mahali atakapolala mchana. Hapo ndipo boma linapoanzia. Nikishapapata, vitu vingine vyote vinajipanga kuzunguka pale.

Kwenye boma langu la sasa, la chui wa Amur, pale mahali ni kibaraza cha mwamba, kama mita tatu na nusu kutoka chini. Nyuma yake jabali limeinama mbele kidogo, kwa hiyo hakuna anayeweza kumjia kisogoni na mvua haimfikii. Mbele kuko wazi: anaona kijito, anaona miti iliyo ng'ambo, na kupita miti hiyo anaona boma la farasi wa Przewalski, wale farasi-mwitu wa Asia. Njia za kushuka ziko mbili, moja ya magogo upande wa kushoto na nyingine ya mawe upande wa kulia. Mbili, si moja. Ukiwa na dume na jike na kibaraza chenye njia moja, siku watakapokutana pale katikati utajua nilichomaanisha.

Na mgeni asiwe juu ya chui. Hili nalisema kwa msisitizo maana madaraja ya kutazamia kutoka juu ndiyo yanayopendwa sana, yanapendeza kwenye picha. Lakini chui hupanda juu ili awe juu. Ukimwekea watu mia wanaochungulia kutoka juu ya kichwa chake, umemnyang'anya kile kile ulichomjengea. Mimi njia ya wageni nimeichimba ikashuka karibu mita moja chini ya usawa wa ardhi ya boma. Mgeni anainua kichwa kumtafuta chui, na chui anamtazama kutoka juu.

Dirisha la karibu lipo moja tu. Ni kijibanda cha mbao chenye giza ndani, kimejengwa ubavuni mwa lile jabali, na kioo chake ni kile kinachopitisha macho upande mmoja tu. Kitanda cha majani nimekiweka kwenye kibaraza, upande wa pili wa kioo hicho. Mara ya kwanza alipolala pale nilisimamisha muda, nikaingia kijibandani na kamera. Ubavu ulikuwa karibu kugusa kioo. Manyoya ya tumboni, yale meupe, yalikuwa yakipanda na kushuka, na mguu mmoja wa mbele ulining'inia nje ya jiwe. Chui wa Amur wa kweli hufuga manyoya ya hadi sentimita 7 wakati wa baridi, na pale nilielewa kwa nini waliomchora wamehangaika hivyo na koti lake.

Mimea: panda kwa mafungu. Msitu una vichaka na una mapengo, na chui hutembea kwenye mpaka wa hayo mawili. Misitu ya mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini-mashariki mwa China anakoishi chui huyu ina misonobari ya Korea na mialoni ya Mongolia, na gemu litakuruhusu kuchuja mimea kwa bara na kwa aina ya mazingira, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwekea mgomba.

Uzio nauzungusha mwisho. Naupitisha mbali na kila kitu kinachopandika, naupandia vichaka kwa nje badala ya udongo kwa ndani, kisha narudi kwenye ile ramani ya rangi.

Karibuni tujadili. Mwenye boma lake aeleze lilivyo.

#2 Nyotamkia

Mkuu asante kwa uzi. Nimekuelewa lakini nina swali. Nimejaribu kumjengea chui kichaka kizito kama unavyosema, ustawi ukapanda, lakini wageni hawamuoni. Masanduku ya michango mbele ya boma lake hayana kitu. Nikipunguza vichaka wageni wanafurahi, chui ananyong'onyea. Nifanyeje?

#3 Mjenzi wa Mawe

Ndugu Nyotamkia, boma lako lina kioo cha urefu gani?

#4 Nyotamkia

Upande wote wa mbele. Kama mita thelathini.

#5 Mjenzi wa Mawe

Basi shida yako iko kwenye kioo. Vichaka havina kosa. Kwenye kioo cha mita thelathini wageni wanatawanyika, kila mmoja anatazama mahali ambapo chui hayupo, na chui naye amezungukwa na macho upande mzima. Ziba sehemu kubwa. Bakiza madirisha matatu madogo, na kila dirisha lielekee kitu ambacho chui ana sababu ya kukiendea: moja mahali anapolala, moja mahali anapokula, moja kwenye maji au kwenye kichangamsho. Kati ya dirisha na dirisha weka mianzi, ukuta wa mawe, chochote kisichopitisha macho. Masanduku ya michango yahamie kwenye hayo madirisha, pamoja na mabango ya maelezo.

Kuna na faida nyingine. Mgeni anayetoka dirisha la kwanza bila kumwona anatembea hadi la pili akiwa na hamu. Boma linakuwa na safari ndani yake.

#6 Msomaji wa Porini

Naomba niongeze kitu kutoka kwenye bustani halisi, maana kinaunga mkono alichosema mkuu hapo juu kuhusu kioo kirefu.

Mwaka 2002 Avanti Mallapur na wenzake, akiwemo Ravi Chellam, walichapisha utafiti wao juu ya chui kwenye bustani za wanyama za kusini mwa India. Waligawa kila boma katika maeneo na kuandika chui yuko wapi na anafanya nini. Waliona kwamba ukingo wa boma ulitumika zaidi kwa ile tabia ya kutembea huku na huko bila kukoma, na sehemu ya nyuma ilitumika kwa kupumzika. Mwaka uliofuata Ros Clubb na Georgia Mason walionesha katika jarida la Nature kwamba wanyama walao nyama ambao porini huzunguka maeneo makubwa ndio wanaoteseka zaidi utumwani: wanatembeatembea ovyo zaidi, na vifo vya watoto wao ni vingi zaidi.

Sasa tazameni yale maboma ya mstatili. Kitu pekee kinachoendelea bila kukatika ndani yake ni ukingo. Tumemjengea chui barabara ya kuzungukia kisha tunashangaa anazunguka. Mimi siku hizi ukingo naukata kwa makusudi: gogo kubwa limelala hapa, mwamba umechomoza pale, kijito kinapita chini ya uzio kule. Akitembea ukingoni anakutana na jambo la kuamua: apande, azunguke, au aruke. Na umbo la boma liwe na kona za kujificha, kama herufi L au kama figo, ili asione mwisho wa boma lake kutoka sehemu yoyote moja.

Kwenye ukubwa, kiwango ambacho gemu linaomba ni cha chini kabisa. Mimi huanza na mara tatu yake. Lakini heri mita chache zenye ngazi tatu za kupanda kuliko uwanja wa mpira.

#7 KapteniBundi

Mada imenikuna. Philadelphia Zoo, Marekani, walifungua mwaka 2014 njia ya wavu inayopita juu ya vichwa vya wageni, inayotumiwa na paka wakubwa. Chui wa Amur, chuimilia, simba, wanapita kwa zamu kutoka sehemu moja hadi nyingine huku watu wakitembea chini. Ni sehemu ya mtandao mzima wa njia za aina hiyo ndani ya bustani ile.

Nimehangaika wiki nzima kutengeneza kitu kama kile. Nimeweka majukwaa juu ya njia, nimefunika kwa wavu, chui hataki kupita. Kuna aliyefanikiwa?

#8 Mjenzi wa Mawe

Kapteni, geuza kazi. Usimpandishe chui juu ya njia. Ishushe njia chini ya chui. Gawa boma sehemu mbili zilizounganishwa na ukanda mwembamba wa ardhi, kisha toboa njia ya wageni kama handaki ipite chini ya ukanda huo. Kwa chui ni ardhi ya kawaida, hana kizuizi. Kwa mgeni anayetoka kwenye handaki na kugeuka nyuma, ni chui amempita juu ya kichwa. Ukingo wa ukanda uinue kidogo, uuvike mawe na mimea inayoning'inia, na usisahau kuangalia ramani ya rangi pande zote mbili.

Kuhusu majukwaa yako: shusha kamera, kagua mahali jukwaa moja linapokutana na jingine. Pengo dogo au mwinuko mkali unaokata rangi ndio unaomzuia. Rangi ikikatika, kwake ni kama hakuna njia. Na kumbuka miti ya kawaida ya gemu haipandiki. Watu wanapanda mwaloni mkubwa katikati ya boma wakidhani wamempa chui mahali pa kupanda. Ni pambo tu. Lazima uongeze magogo na majukwaa yale yaliyoandikwa kuwa ya kupandia, uyapitishe kati ya matawi mpaka yaonekane kama sehemu ya mti. Mimi gogo la kwanza huliinamisha kiasi, la pili hulikutanisha nalo penye tawi, na jukwaa dogo hulificha nyuma ya majani. Kazi ya saa nzima kwa mti mmoja, lakini siku atakapopanda hutajuta.

#9 Mama Mapacha

Kaka Mjenzi, boma lako nimelipenda, ila kwa wale farasi sikubaliani nawe. Umempa chui kitu cha kutazama, vizuri. Farasi umewapa nini? Mnyama anayewindwa akae maisha yake yote anamwona chui juu ya mwamba, anamsikia, na upepo ukigeuka anamnusa. Gemu halitamlalamikia mtu, lakini wewe mwenyewe umesema tujenge yale gemu lisiyoyahesabu.

#10 Mjenzi wa Mawe

Dada, hapo umenishika. Nilijenga hivyo kwa sababu wote wawili walikuja kwenye kifurushi kimoja cha nyongeza ya gemu, kile cha Uhifadhi cha 2022, nikaona inapendeza kuwaweka jirani, na niliwaza upande wa chui peke yake.

Nimerudi kwenye ramani yangu jana usiku. Farasi nimewahamishia nyuma ya kilima, hawaonani tena. Mbele ya kibaraza sasa kuna bwawa lenye ndege wa majini, mbali kidogo, na kupita hapo anaona njia ndogo ya watunza wanyama wanapobeba chakula. Ana cha kutazama, na cha kutarajia pia: akiona mtu na kitoroli anajua. Asante kwa kunisahihisha.

#11 Jiwe Jeupe

Wakuu, haya yote ni ya chui wa Amur. Je, chui wa theluji na chui-mawingu? Nilikuwa nataka kujenga nyumba moja ya chui, wote watatu, kwa muundo mmoja unaojirudia.

#12 Msomaji wa Porini

Ndugu Jiwe, usifanye hivyo. Majina yanadanganya. Hawa ni wanyama watatu tofauti, na kila mmoja anataka "juu" ya aina yake.

Chui wa Amur ni chui hasa, ukoo mmoja na chui wa Afrika na wa India. Juu yake ni mti na jabali lililozungukwa na msitu.

Chui wa theluji ni wa milima ya Asia ya kati, na Himalaya hukaa sana kati ya mita 3,000 na 4,500. Kule miti ni michache au haipo kabisa. Juu yake ni mteremko. Mjengee genge lenye vibaraza vingi vyembamba, kimoja juu ya kingine, mawe ya rangi ile ile ya koti lake, vichaka vifupi vifupi, na nafasi kati ya kibaraza na kibaraza inayomlazimu kuruka. Mkia wake unaweza kufika karibu mita moja. Anautumia kushika mizani kwenye miteremko na kujifunika uso akilala kwenye baridi. Ukimweka kwenye uwanja bapa, mkia wote ule hauna kazi. Huyu ndiye mnyama ambaye unaweza kumwacha wazi kabisa na bado asionekane, kwa sababu anajificha kwa rangi na kutulia. Usimfunike kwa msitu. Na kama bustani yako iko kwenye ukanda wa joto, weka vipoza hewa karibu na kibanda chake, uhakikishe umeme unafika.

Chui-mawingu, aliyekuja na kifurushi cha Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 2021, si chui wala si mdogo wa chui. Ana jenasi yake mwenyewe. Vifundo vya miguu yake ya nyuma vinageuka kiasi kwamba anashuka mti kichwa kikitangulia, na anaweza kutembea chini ya tawi akining'inia. Juu yake ni matawi, matawi, matawi. Boma lake liwe refu kwenda juu na jembamba, lenye magogo ya ulalo yanayopishana, giza giza, unyevu. Mimi kwake hujenga chumba cha wavu pande zote, juu pia.

Jambo moja la kweli kumhusu ambalo gemu halilijui: kwenye bustani halisi madume ya chui-mawingu yamewahi kuua majike walipokutanishwa wakiwa wameshakua. Ndiyo maana watunzaji huwaunganisha wakiwa wadogo wakue pamoja. Ninapomjengea, hata kama gemu linaniruhusu kuleta jike mzima siku yoyote, huweka vyumba viwili vya nyuma na kilango kati yao. Sikitumii kwenye gemu. Lakini mtu anayejua akitembelea ramani yangu atakiona.

#13 Jiwe Jeupe

Nimefuta mpango. Naanza na genge la chui wa theluji peke yake.

#14 KapteniBundi

Swali la haraka: badala ya uzio, mtaro mpana wa maji je, kwa wazo la Carl Hagenbeck, mwenye bustani ya wanyama? Yeye tangu 1907 kule Hamburg alionesha simba bila nondo, kwa mitaro mipana tu. Ingependeza sana.

#15 Mjenzi wa Mawe

Kwa simba, sawa. Kwa chui, hapana. Anaogelea, anaruka, anapanda ukuta wenye ufa mdogo tu wa kushika kucha. Ndiyo maana kwenye bustani nyingi halisi boma la chui lina paa la wavu. Maji yaweke mbele ya madirisha kwa uzuri, na nyuma yake uzio ubaki palepale.

#16 Kimya Kingi

Mimi nasoma tu siku zote, leo niseme kidogo.

Nina boma ambalo mgeni hafiki. Liko kona ya mbali ya ramani, halina njia, halina dirisha, halina sanduku la michango. Lina chui wawili wa Amur, dume na jike, niliowachagua kwa kuangalia vizazi vyao wasiwe ndugu, maana kwenye gemu hili ukizalisha ndugu watoto wanatoka dhaifu na kinga yao ni ndogo. Watoto wakikua nawaachia porini.

Wazo nililitoa Highland Wildlife Park kule Scotland. Walijenga mahali pa chui wa Amur ambapo wageni hawaruhusiwi kuwaona, kwa matumaini kwamba watoto watakaozaliwa pale wanaweza siku moja kuwa sehemu ya mpango wa kuwarudisha msituni, na mwaka 2018 watoto walizaliwa. Porini chui hawa wamebaki wachache mno. Sehemu kubwa yao wako kwenye hifadhi iliyoanzishwa Urusi mwaka 2012 kwa ajili yao na ng'ambo ya mpaka upande wa China.

Boma lile lina mapango matatu, si moja, kwa sababu mama mwenye watoto akishtuka huwahamisha kwa meno hadi pango jingine. Chakula kinaingia kwa mlango wa watunzaji, kila mara sehemu tofauti. Hakuna faida yoyote ya fedha. Hupita hapo kila nikifungua gemu, naangalia kutoka mbali, naondoka.

#17 Mama Mapacha

Kimya Kingi, usikae kimya tena. Hili la mapango matatu naliiba leo leo.

#18 Mjenzi wa Mawe

Nimesoma mara mbili. Nami nilikuwa na pango moja.

Kwenye vichangamsho hatujagusa, niseme kifupi kwa sababu gemu lenyewe linaeleza vizuri. Usivipange vyote mahali pamoja kama duka la midoli. Kimoja karibu na maji, kimoja juu kabisa, kimoja kichakani. Vya harufu msividharau. Bronx Zoo ya New York waliwahi kujaribu manukato ya watu 24 kwa duma wao, kutazama ni ipi itakayowashika muda mrefu, na tofauti kati ya harufu na harufu ilikuwa kubwa. Paka anasoma dunia kwa pua.

#19 Nyotamkia

Mrejesho, wakuu.

Niliziba kioo, nikabakiza madirisha matatu kama alivyosema Mjenzi. Nikakata ukingo kwa magogo mawili na mwamba mmoja. Nikainua kibaraza karibu na dirisha la kati na kukiwekea kitanda. Siku mbili za gemu chui hakukigusa. Nikakata tamaa, nikaenda kutengeneza vyoo vya wageni upande wa pili wa bustani. Niliporudi nikakuta watu wamejazana mbele ya dirisha la kati hadi njia imeziba. Nikashusha kamera. Alikuwa amelala pale pale, kidevu juu ya jiwe, jicho moja limefunguka nusu.

Tatizo jipya: lile jicho lilikuwa linawatazama watu. Kioo changu ni cha kawaida.

#20 Mjenzi wa Mawe

Hongera sana! Badilisha dirisha hilo leo hii, weka kile cha upande mmoja, madirisha mengine mawili yanaweza kusubiri. Na msongamano ule utauondoa kwa kupanua njia kwa upande wa nyuma, mbali na kioo, kisha weka benchi chache huko huko nyuma. Ukipanua kuelekea kwenye kioo utawaleta wengi zaidi puani mwake.

Nakili ramani kabla hujagusa kitu, na usikiguse kibaraza chenyewe hata ukiona jiwe limekaa upande. Ameshapazoea.